Mpango wa usalama saiti unapitishwa na OSHA au na injinia wa halmashauri? Nimerudishwa mara mbili

mkandarasi_la7

Wakuu habari za mchana. Nina kampuni ya ujenzi daraja la saba, majengo, ina miaka miwili tu. Nimepata kazi yangu ya kwanza ya serikali kupitia NeST (mfumo wa tenda za serikali mtandaoni), bweni moja la wasichana na matundu kumi ya vyoo vya shimo kwenye shule ya sekondari, mkataba nimesaini, mafundi nimeshawatafuta, na hapo ndo nimekwama. Mkataba unataka kabla ya kuanza niwasilishe mpango wa usalama na afya. Nikapeleka. Injinia wa halmashauri akaurudisha anasema haufai, nikarekebisha karatasi ya juu nikapeleka tena, safari hii akaandika kwa kalamu nyekundu "uwe umepitishwa na OSHA". Nimepiga simu OSHA mkoa (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) jamaa ananiuliza saiti umeisajili? Nikamwambia kampuni imesajiliwa tangu mwaka juzi, akacheka.

Sasa naombeni mwenye uzoefu, huu mpango nani hasa anagonga muhuri? Na je kuna ada? Maana siku zinahesabika na kuna mtu keshaniambia hapo injinia anataka kitu kidogo.

Bwana_Zege

Kitu kidogo hicho mkuu usijizungushe 😂 mpe ya vocha mambo yaende

sefti_wa_barabara

Bwana Zege acha kumpotosha mtu, akitoa hiyo vocha halafu shimo likafukia kijana, muhuri wa vocha utamsaidia nini.

Mkuu mleta mada, umechanganya vitu viwili na sio kosa lako, wengi tunachanganya, hata mimi mradi wangu wa kwanza wa barabara nilihangaika wiki nzima. Kuna mambo ya mkataba na kuna mambo ya sheria. Mpango wa usalama ulioandikwa kwenye mkataba anayeupokea na kuukubali ni msimamizi wa mkataba, kwako huyo injinia, kwenye miradi mikubwa ya FIDIC (mikataba ya ujenzi ya kimataifa) ni yule Injinia aliyetajwa kwenye mkataba. Upande wa sheria ni Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, na hapo ndo OSHA anaingia. Kwa sheria hiyo kila saiti ni mahali pa kazi inayojitegemea, kwa hiyo kusajili ofisi yako ya mjini hakujaisajili saiti ya bweni, ndo maana jamaa akacheka. Ingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa WIMS, sajili saiti, ada ya usajili ilishafutwa, halafu wataangalia hatari zako na namna ulivyojipanga. Ukishapata cheti cha usajili mpelekee injinia pamoja na mpango wako, tisa kwa kumi kile alichokiandika kwa kalamu nyekundu alimaanisha hicho.

Vingine watakavyouliza: wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza, ukiwa na watu zaidi ya wanne uwe na mwakilishi wa usalama kati yao (na sio mdogo wako anayekaa Dar), huduma ya kwanza awepo anayeijua sio boksi tu, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) uwe unachangia, ni asilimia 0.5 ya mishahara, usifanye mchezo na hiyo maana fundi akianguka ndo utaelewa inaitwaje. Mradi pia uusajili CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) na bango lisimame.

Swali langu kwako, huo mpango uliandika wewe?

mkandarasi_la7

Asante sana mkuu nimekuelewa vizuri mno. Kuhusu kuandika, ukweli nilinunua kwa jamaa mmoja wa steshenari anayeandaa makabrasha ya tenda, laki moja na nusu, kurasa 64. Ulikuwa na rangi na kila kitu nikajua huu lazima upite.

injinia_wa_wilaya

Kurasa 64 za bweni moja. Haya sasa ngoja niwaambie upande wa pili wa meza maana mnatusema sana kwamba tunataka kitu kidogo.

Mimi sio huyo injinia wako lakini napokea hiyo hiyo ya kurasa 64, nahisi mwandishi ni mmoja nchi nzima. Ukurasa wa 12 una taratibu za winchi ya mnara, wakati mjenzi ana tololi mbili na mikisa ya kukodi. Kuna sehemu ya kufanya kazi majini na maboya. Hospitali ya kukimbiza majeruhi imeandikwa Muhimbili, saiti iko mkoani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mwaka jana niliurudisha mmoja una jina la kampuni nyingine kabisa kwenye ukurasa wa sahihi, mwenyewe akanijibu "hiyo ni makosa ya uchapaji". Sasa mimi nikipiga muhuri hapo nimeidhinisha nini?

Ninachotaka kukiona ni kidogo sana. Niambie shule itakuwa wazi au imefungwa wakati wa kazi, na kama iko wazi wanafunzi watapita wapi kwenda maji na choo cha zamani. Tipa la mchanga litaingia saa ngapi, maana saa nne ya mapumziko watoto mia tano wako nje na dereva anarudi nyuma kwa kioo kimoja. Lenta na kupaua watu watasimama kwenye nini, kama ni mirunda sema mirunda, mimi siogopi mirunda, naogopa mirunda iliyofungwa kwa kamba ya katani iliyochoka bila hata ubao wa kukanyagia. Na kubwa kuliko yote kwako wewe ni shimo la choo. Matundu kumi hilo shimo sio la mchezo, litaenda mita tatu kama sio zaidi, udongo wa hapo ni wa namna gani, kuta utazishikilia kwa nini, udongo unaotoka unaurundika wapi. Watu wanaurundika mdomoni kabisa halafu mvua inanyesha usiku, asubuhi kijana anashuka. Hiyo ikikaa kwenye kurasa sita za kuandika mwenyewe mimi nasaini siku hiyo hiyo.

mkandarasi_la7

Aisee nimeufungua sasa hivi nimeusoma, Muhimbili ipo!! Na ukurasa wa 31 kuna helikopta. Nimejisikia aibu wakuu.

Mzee_wa_Doha

Helikopta 😂😂 si utani ungeipata hiyo serikali ingekuheshimu.

Nimefanya miaka sita Qatar kwenye saiti, safety wetu alikuwa Mfilipino mtu mzima, yule alikuwa ananihadithia kwao Ufilipino mambo haya yako tofauti kabisa na huku kwetu. Kule kuna agizo namba 13 la idara ya kazi la mwaka 1998, kila mradi wa ujenzi, wa serikali au wa binafsi, unaandaa programu yake ya usalama na afya na lazima ipitishwe na ofisi ya kazi ya mkoa kabla hujaanza, yaani muhuri upo kweli na mwenye muhuri anajulikana. Lakini alichokuwa anakisifia zaidi ni kwamba agizo lenyewe linasema gharama za hiyo programu ziwe mstari wake peke yake kwenye makaratasi ya tenda, zimepimwa na kuandikwa, sio kuzikunja kwenye mengineyo. Sheria yao ya 2018 ikaja ikaweka na faini inayofika peso 100,000 kwa siku mpaka urekebishe. Kwa siku, sio kwa kosa.

Sasa bwana mdogo fungua BOQ yako (orodha ya kazi na bei ya tenda) utuambie, usalama umepewa shilingi ngapi?

mkandarasi_la7

Nimeangalia. Kwenye priliminari (gharama za maandalizi) kuna mstari mmoja "ruhusu kwa ajili ya usalama, afya na ustawi wa wafanyakazi", kipimo ni jumla. Mimi nilijaza laki mbili kwa sababu nilikuwa naogopa bei isipande nikakosa tenda 🙈

sefti_wa_barabara

Na hapo ndo penyewe. Laki mbili hata upimaji wa afya wa mafundi wako hazimalizi, bado helmeti, buti, glavu, mikanda ya wanaopaua, mabati ya uzio. Wakandarasi wote tunafanya hivyo, kwenye tenda mstari wa usalama ndo wa kwanza kukatwa kwa sababu hakuna mtu anayetathmini tenda kwa kusema huyu ameweka kidogo mno mwondoeni. Kwenye miradi ya Benki ya Dunia afadhali, mpango wa mazingira na jamii wa mkandarasi usipokubaliwa na msimamizi huanzi kazi, hata kambi huweki. Hizi za kwetu za mapato ya ndani ni wewe na dhamira yako.

Kwa sasa bei haibadiliki tena, mkataba umesaini, itatoka kwenye faida yako. Anza na shimo na uzio, vingine vifuate.

kizungu_mkuti

Niko Uingereza nafanya mambo ya saiti, nimpinge kidogo Mzee wa Doha. Huku hakuna anayekupitishia mpango. Kanuni za ujenzi za 2015 zinataka kila mradi, hata wa kukarabati jiko la mtu, uwe na mpango wa usalama kabla saiti haijafunguliwa, lakini HSE (wakaguzi wa usalama kazini wa huku) hawaupigi muhuri. Mradi ukizidi siku 30 za kazi huku kukiwa na watu zaidi ya 20 kwa pamoja, au ukizidi siku-watu 500, mteja anawatumia taarifa tu kwa fomu ya F10. Wakija kukagua ndo wanauliza uko wapi. Muhuri ukipigwa mapema mkandarasi anafungia mpango kabatini, anaona kesi imeisha.

Mzee_wa_Doha

Huko kwenu mkaguzi akisema anakuja anakuja mkuu, na mahakama ipo. Kwetu usipomzuia mtu mlangoni umemkosa. Mimi bado niko na muhuri.

saidia_fundi_mstaafu

Nyie mnabishana muhuri, sisi wa fosi akaunti (serikali inajenga kwa kamati na mafundi wa mtaani) hata mpango wa kurudishwa hatuna. Nimebeba zege kwenye vyumba vya madarasa na zahanati, kule hakuna mkandarasi, kuna kamati ya ujenzi ya kijiji, mwalimu mkuu anashika stoo, fundi amepewa mkataba wa ufundi tu. Nani mwajiri hapo? Nilianguka na mrunda kwenye lenta nikavunjika mkono huu wa kulia, kila mtu ananyoosha kidole kwa mwenzake, mwisho walimu wakachanga elfu arobaini na fundi akanipa nauli. WCF nilikuja kuisikia kwenye redio mkono umeshapona vibaya. Halafu ujenzi wa serikali mwingi huku vijijini umepita njia hiyo.

injinia_wa_wilaya

Pole sana mzee. Hilo ni kweli na sina jibu zuri. Kamati inapewa mwongozo wa manunuzi na wa kupokea vifaa, usalama unabaki ni maneno ya mdomo siku ya kukabidhi saiti. Mimi nimeanza kulazimisha mkataba wa fundi uorodheshe majina ya vibarua wote na awe na mpango wa siku ya kupaua, nimeambiwa nachelewesha miradi ya wananchi.

Bwana_Zege

Mzee pole aisee, narudisha ile ya vocha.

mkandarasi_la7

Mrejesho wakuu. Saiti nimeisajili. Mpango nimeandika mwenyewe na fundi wangu mkuu tumekaa chini ya mwembe wa shule, kurasa saba, nimechora na ramani kwa mkono njia ya wanafunzi na geti la tipa, kituo cha afya cha kata nimeweka na namba ya simu ya zamu, nimeongea na mkuu wa shule tipa liingie saa moja kasoro au baada ya saa kumi. Injinia ameusoma wote mbele yangu, akauliza kitu kimoja tu, udongo wa shimo ni wa kichanga na nimeandika kuta zitashikiliwa na mbao, akasema mbao za unene gani na nani anashuka kuzipigilia wakati kuta bado hazijashikiliwa. Nikakosa jibu. Kasema nikirudi na hilo anasaini.

Wenye uzoefu wa mashimo nisaidieni, mnaanzaje?

sefti_wa_barabara

Swali zuri kaliuliza huyo. Usichimbe mpaka chini ndo uanze mbao. Chimba mita moja, pigilia, chimba tena, pigilia, mtu anakuwa siku zote kwenye sehemu iliyoshikiliwa. Udongo uutupe mbali na ukingo, ngazi ibaki ndani muda wote, na mmoja akae juu anaangalia, kazi yake iwe kuangalia tu. Ila kwa kichanga cha mita tatu mimi ningemwomba huyo injinia muongee kuhusu kupunguza kina na kuongeza upana, shimo refu na jembamba kwenye udongo huo mbao peke yake sizipendi. Tupia picha ya udongo wenyewe.

mkandarasi_la7

Kesho asubuhi natupia.