Wakuu naomba ushauri: bastola ya nyundo kwa ajili ya kujilinda, nichukue ipi?

Mwenye Duka Kahama:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi silaha maana dukani kila muuzaji anakusifia kilichopo kabatini kwake. Nina duka la jumla hapa Kahama, nafunga saa mbili usiku na siku nyingi narudi nyumbani na hela ya mauzo, benki inakuwa imeshafungwa. Mwezi wa tatu jirani yangu wa biashara alivamiwa getini kwake, wakamkata panga la mkono, hela wakabeba, mpaka leo vidole viwili havikunji. Baada ya hapo ndo nikaanza mchakato, nimepita serikali ya mtaa, polisi, alama za vidole, mahojiano, nimezungushwa miezi lakini hatimaye kibali kimetoka. Imebaki kuchagua.

Nimeshika CZ 75 B ya chuma, nimeshika CZ P-07 ya plastiki, kuna na Beretta 92 FS iliyotumika ila ni safi. Glock ipo pia lakini haina nyundo ya kuonekana, kile kichuma cha nyuma kinachogonga ili risasi ilie, na mimi kwa kweli moyo hautulii, nikiiangalia siwezi kujua imekokiwa, yaani iko tayari kulia, au haijakokiwa. Sasa hii nyundo ina faida ya kweli au ni macho yangu tu? Nataka ya kukaa nayo kiunoni kutwa nzima, mara nimekaa kaunta mara nainama kupanga mizigo. Uzoefu wangu ni JKT tu tena bunduki ndefu, bastola sijawahi kupiga. Nyumbani nina watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 9.

Mzee Mstaafu:
Mwanangu pole kwa ya jirani yako. Umeuliza vizuri na nitakujibu kwa urefu kidogo maana hapo kwenye nyundo ndo penyewe.

Bastola zote tatu ulizotaja zinafanya kazi kwa namna moja. Risasi ya kwanza nyundo ikiwa chini, triga unaivuta safari ndefu na nzito, kama kilo 4 au 5 hivi, yenyewe inainua nyundo halafu inaiachia. Ikishalia slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma na kuikoki nyundo, kwa hiyo ya pili na zinazofuata triga inakuwa fupi na nyepesi, kilo 2 hivi. Faida yake kwa mtu kama wewe ni kwamba ile ya kwanza si rahisi kutoka kwa bahati mbaya. Mkono ukitetemeka kwa hofu, kidole kikigusa triga mapema kuliko ilivyotakiwa, zile kilo 5 zinakupa nafasi ya kujirudi.

Faida ya pili ndo naipenda kuliko zote na watu wengi hawafundishwi. Unaporudisha bastola kwenye holsta, mfuko wake wa kiunoni, weka kidole gumba juu ya nyundo. Ncha ya shati au kamba ya koti ikiwa imeingia kwenye triga, utaisikia nyundo inakusukuma kidole, unasimama hapo hapo unaitoa. Watu wengi wanajipiga paja wakati wa kurudisha silaha. Wewe unayeinama kutwa kupanga mizigo shati litakuwa linatoka nje kila saa, hilo lisikie vizuri.

Sasa sikiliza tofauti za hizo mbili za CZ. CZ 75 B haina dikoka, kidude cha kushushia nyundo bila kugusa triga. Ukishaweka risasi chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, nyundo inabaki imekokiwa, hapo una njia mbili, uiache imekokiwa na sefti, yaani kufuli la usalama, imefungwa, au uishushe nyundo kwa mkono, gumba limeikamata huku umebonyeza triga, na chini yake kuna risasi. Hii ya pili nakukataza. Nimemwona mwenzangu, mtu mzoefu siyo mgeni, mikono ina jasho, gumba likateleza. Risasi ilipita kwenye godoro ikaingia sakafuni sentimita chache kutoka kwenye mguu wa mtu aliyekuwa amekaa kitandani. Hakuna aliyeumia ila chumba kizima hakuna aliyeongea kwa dakika kadhaa, na yule bwana hakuwahi tena kushusha nyundo kwa mkono. Kama roho yako iko kwenye ile ya chuma tafuta CZ 75 BD, hiyo D ni dikoka, unabonyeza kidude ubavuni nyundo inashuka yenyewe salama bila kidole kugusa triga. Hata hapo mtutu uelekeze pasipo na mtu. Na ukikutana na CZ 75 kuukuu isiyo na hiyo herufi B iache, B maana yake ina kizuizi cha pini ndani, ikianguka sakafuni pini haiwezi kugonga risasi. Za zamani hazina.

P-07 inakuja na dikoka, na kama unataka sefti unaweza kubadilishiwa. Inabeba risasi 15, uzito kama gramu 780 ikiwa tupu wakati ile ya chuma inagonga kilo nzima. Kilo moja siyo kitu ukiishika dukani dakika 5, jaribu masaa 12 kiunoni.

Kijana wa Nyakato:
Shikamoo mzee. Nakuheshimu ila hapa nitatofautiana kidogo. Ndugu yetu hajawahi kupiga bastola, sasa kumpa triga mbili tofauti kwenye silaha moja ni kumwongezea mzigo. Nzito halafu ghafla nyepesi, wanaoanza karibu wote ile ya kwanza inaenda chini ya shabaha kwa sababu wanaivuta kwa nguvu, ya pili inatoka kabla hawajajipanga. Glock kila mvuto ni ule ule, kama kilo 2 na nusu, kuanzia risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Unajifunza kitu kimoja basi. Mimi nina Glock 19 mwaka wa sita huu na sijawahi kutamani nyundo.

Mzee Mstaafu:
Marahaba kijana. Ulichosema ni kweli na sikikatai, triga mbili zinataka mazoezi. Ila huo mvuto mwepesi wa kila mara ndo huo huo utakaokuwepo shati likiingia kwenye triga. Kila silaha ina mahali inapokudai umakini, na yeye mwenyewe amesema moyo hautulii na isiyo na nyundo. Mtu akiiogopa silaha yake anaishia kuibeba bila risasi chemba au anaiacha nyumbani.

Mama Neema:
Kaka mimi nitakuambia ambalo wanaume hawaliongelei, mkono. Nilipoanza nilidhani bastola ndogo ndo rahisi kwa mwanamke, nikaenda kwa Walther PPK. Slaidi yake sikuweza kuivuta! Ndogo lakini springi yake ni ngumu balaa, kwa sababu haina mfumo wa kufunga mtutu kama hizi kubwa, inategemea springi na uzito wa slaidi peke yake. Halafu ikilia inakung'ata hapa kati ya gumba na kidole. Nikahamia CZ P-07 nikashangaa, ni kubwa zaidi lakini laini.

Kuna ujanja wa nyundo nilioonyeshwa na mwalimu wangu, kama slaidi inakuwa ngumu unainua nyundo kwanza kwa gumba ndo unavuta slaidi. Ugumu unapungua kwa sababu slaidi haina kazi tena ya kuisukuma nyundo. Ila ujue CZ slaidi yake imekaa ndani ya fremu, siyo juu yake kama nyingine, kwa hiyo pa kushika ni pembamba. Mkono ukiwa na mafuta ya kula, na wewe una duka la jumla, inateleza. Jaribu na mikono yako ilivyo siku ya kazi usijaribu ukiwa umetoka kunawa.

Hiyo Beretta sijui mkono wako ukoje lakini shikio lake ni nene, na triga iko mbali nyundo ikiwa chini. Halafu sefti yake iko juu kwenye slaidi na ukiishusha ndo umefunga. Mimi nilipokuwa navuta slaidi kwa kuifunika na kiganja nikawa naifunga bila kujua, nabonyeza triga kimya. Usiku getini hicho kimya sitaki hata kukifikiria.

Jirani wa Namanga:
Wadau salamu kutoka Kenya. Huku kwetu gazetini bastola ikipatikana mara nyingi utasoma "bastola aina ya Ceska", yaani hizi hizi CZ, hadi kuna watu hudhani Ceska ni jina la bastola yoyote ile. Mimi niko na P-07 na sijutii. Lakini bro kabla ya bastola badilisha saa na njia. Usifunge duka saa zile zile kila siku, usipitie barabara moja, hela weka kwa simu ama benki mchana ubaki na kidogo jioni. Wale walimngoja jirani yako kwa geti kwa sababu walijua atafika saa ngapi.

Na hao watoto, wa miaka 9 atajua funguo ziko wapi kabla ya wiki kuisha. Nunua sanduku la chuma, lifungwe kwa boliti ukutani, na liwe la namba siyo la funguo. Silaha iko kiunoni mwako ama iko ndani ya hilo sanduku. Juu ya kabati hapana, chini ya mto hapana.

Mwenye Duka Kahama:
Wakuu asanteni sana, mzee shikamoo, dada Mama Neema Mungu akubariki. Nimerudi dukani leo na nimefanya kama mlivyosema, mikono ina vumbi la unga. Beretta ikiwa nyundo chini kidole changu kinafika kwenye triga kwa ncha tu, nimeiacha. CZ 75 BD hawana. P-07 nimeikoki tupu nikabonyeza dikoka nikaona nyundo inashuka taratibu, inasimama kabla ya kufika mwisho, nikarudia kama mara kumi. Nimelipia hiyo. Sanduku fundi anakuja kulifunga Jumamosi, na kuanzia jana mauzo ya mchana kijana wangu anayapeleka benki saa nane.

Swali la mwisho mzee, kuna mtu kaniambia faida ya nyundo ni kwamba risasi ikigoma unavuta triga mara ya pili inagongwa tena. Ndo hivyo? Na hiyo risasi ya kwanza nzito naizoeaje wakati risasi ni ghali?

Mzee Mstaafu:
Hongera mwanangu. Ni kweli itagonga tena, ila usizoee hivyo, risasi mbovu inaweza kuwa mbovu mara zote mbili. Ikigoma piga kitako cha magazini na kiganja, vuta slaidi, inaruka hiyo inaingia nyingine.

Kuhusu mvuto wa kwanza huhitaji risasi. Magazini itoe ukaiweke chumba kingine pamoja na risasi zote, vuta slaidi uangalie chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, mara mbili. Elekeza kwenye ukuta wa tofali usio na mtu nyuma. Weka sarafu ya mia mbili juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, nyundo iwe chini, vuta triga ile safari yake yote ndefu. Sarafu ikianguka umeivuta kwa kuparamia. Mara 20 kila jioni kabla watoto hawajarudi kutoka kucheza, na siku utakapofikisha 20 bila sarafu kudondoka hata mara moja ndo uende ukapige risasi za kweli, niandikie hapa zimeenda wapi.