Naomba ushauri: wino au mkaa kwa viumbe vya kufikirika?

Wakuu, habari za jioni. Niko Newala, Mtwara, nachora viumbe vya kufikirika. Wachoraji ninaowapenda kupita wote ni wawili. Frank Frazetta wa Marekani alitumia rangi za mafuta, miili imejaa nguvu, giza nyuma yake. Moebius wa Ufaransa, jina lake halisi Jean Giraud, yeye ni mstari mwembamba wa wino na jangwa lisilo na mwisho. Huyu amenikaa moyoni.

Shida ni kwamba nimekulia kati ya vinyago vya mashetani vya Wamakonde. Nikichora kwa wino, ule uzito wa mpingo unapotea. Rangi za mafuta siziwezi kwa sasa, bei. Je, nihamie mkaa? Aliyejaribu anielekeze, tafadhali.