Jiko la kuni lenye dohani kwenye nyumba mpya: likae wapi, lijengwe kwa vitu gani?

Wa_Shangani
Habari zenu wadau. Nyumba yetu hapa Mtwara imefika kwenye linta. Chumba cha jiko, mita 3 kwa 3, kipo kona ya kusini-mashariki, na paa litakuwa la bati. Tunataka jiko la kuni la kudumu, matundu mawili, la kupikia watu tisa. Fundi anashauri tutumie mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye msingi, tujengee kwa saruji. Ni sahihi? Na kona hiyo inafaa?

Fundi_Tofali
Matumbawe hapana kabisa. Jiwe hilo ndilo linalochomwa tanurini kupata chokaa. Likipigwa na moto mkali kila siku linageuka unga, na supu ikimwagika juu yake linavimba na kupasuka. Saruji nayo hulegea kwa moto, kwa hiyo ibaki kwenye jamvi (sakafu ya zege) na lipu ya nje tu.

Pote panapoguswa na moto tumia tofali za kuchoma, zilowekwe maji kabla ya kujengwa, na viungo vya udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga. Anza na debe 2 za udongo kwa 1 la mchanga, kisha finyanga donge uliache likauke kivulini. Likipasuka ongeza mchanga, likimomonyoka ongeza udongo. Kiungo kisizidi sentimita 1, maana udongo mnene hunywea ukaacha nyufa, na moshi hupita humo humo.

Chini ya kuni weka wavu wa nondo za milimita 12, ulioinuliwa sentimita 8 ili hewa iingie kwa chini. Kutoka wavu hadi kitako cha sufuria acha sentimita 15 hadi 20. Kwenye tundu la pili inua sakafu ya njia ya moto mpaka ibaki nafasi ya sentimita 5 tu. Isipofanywa hivyo moto unapita mbali na sufuria na maharage hayaivi. Sufuria zenyewe zipelekeni kwa fundi akate matundu ya jiko kwa kipimo cha sufuria hizo. Mwanya ukibaki pembeni, moshi unapanda hapo badala ya kwenda kwenye dohani.

Upepo_wa_Kusi
Kona hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Upepo wa kusi unavuma toka kusini-mashariki miezi mingi ya mwaka, utausukuma moshi wote vyumbani. Upande wa magharibi unafaa misimu yote miwili: kusi unautupa moshi kaskazini-magharibi, kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki) unautupa kusini-magharibi.

Dohani ijengwe kwa tofali, nafasi ya ndani sentimita 15 kwa 15. Ya bati jembamba hapa pwani haidumu: chumvi inaila kwa nje, masizi kwa ndani. Itokeze juu ya bati angalau sentimita 90, na kama kilele cha paa kiko ndani ya mita 3, izidi kilele kwa sentimita 60. Ikiwa fupi, upepo unaoruka paa unarudisha moshi chini. Mbao za kenchi zikae sentimita 10 mbali nayo. Chini kabisa acheni kitundu chenye kifuniko cha kutolea masizi.

Wa_Shangani
Asanteni sana. Stoo iko magharibi, tutabadilishana nayo. Kuni zetu ni za mkorosho, na maganda ya korosho tunayapata bure. Vipi?

Fundi_Tofali
Mkorosho sawa, ukipasuliwa na kukaushwa miezi kadhaa chini ya paa. Ukiwa mbichi unajaza dohani masizi. Maganda msiyachome jikoni: mafuta yake yanababua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Mikoko pia msiiguse, kuikata bila kibali ni kosa.

Jiko likiisha, liacheni likauke wiki tatu, halafu washeni moto mdogo wa vijiti siku chache mfululizo. Moto mkubwa siku ya kwanza hugeuza unyevu kuwa mvuke, na tofali zinaachana.