Friza ya samaki kwa sola, Tanga: paneli na betri kiasi gani?

Swali: Wakuu, friza ya DC (ya umeme wa betri moja kwa moja) inakula Wh (wati-saa) 600 kwa siku. Nifunge nini?

Jibu: Paneli ya wati 300. Kwa saa 4.5 za jua kali, ukitoa upotevu wa asilimia 30, unapata Wh 945. Masika mawingu yatakula hiyo ziada. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh 1,200, ila ukiivuta chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Ya lithiamu inavumilia kuvutwa hadi asilimia 80 ya umeme wake.

Jibu: Mkuu, pwani hii chumvi ndiyo adui. Viungio vikiota kutu ya kijani vinachemka na umeme unapotea. Safisha, kaza, paka grisi.

Jibu: Betri ya asidi ikifa, tafadhali isipasuliwe wala kutupwa mikokoni: madini ya risasi yaliyomo hayaozi, yanabaki kwenye tope la kaa na kamba. Mrudishie muuzaji ikiwa nzima, akupunguzie bei ya mpya.