Mjadala: Amri ya kutotoka nje iwe moja kwa wenye nacho na wasio nacho?

Hoja: likija janga jingine kama Korona, watu wote wafungiwe kwa sheria ileile bila kuangalia kipato?

Mchangiaji 1: Iwe moja. Ukiruhusu kundi fulani litoke, kila mtu atadai yumo, na vibali vitaanza kuuzwa. Data za simu za Marekani mwaka 2020 zilionyesha kwamba mitaa ya kipato cha chini ndiyo iliyoendelea kuzunguka. Pabanwe hapo.

Mchangiaji 2: Mkuu, umeishia njiani. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka huohuo ulifuatilia mienendo ya watu milioni 98 katika miji 10 mikubwa ya huko. Wa kipato cha chini walitoka zaidi, huenda kwa sababu kazi zao nyingi hazifanyiki nyumbani. Tena maduka ya vyakula waliyokwenda yalikuwa na wateja 59% zaidi kwa saa kwa eneo lilelile la sakafu kuliko ya wenye nacho, na kwa wastani mteja alikaa humo 17% zaidi. Kwenda dukani mara moja tu kulikuwa na hatari kubwa zaidi kwao. Anayelipwa kwa siku hana fedha ya kununua chakula cha wiki mbili wala friji ya kukihifadhi, kwa hiyo kesho atarudi palepale. Ukipunguza saa za soko au mabasi, umati haupungui, unabanana. Acheni mabasi yote yatembee, punguzeni abiria kwa kila basi, na dereva afidiwe nauli inayopotea. Bila fidia atajaza tu.

Mchangiaji 3: Na asilimia zinazotokana na data za simu zisomwe kwa uangalifu. Kwa mfano, ripoti za Google za mienendo ya watu wakati wa Korona zililinganisha na siku za kawaida kati ya 3 Januari na 6 Februari 2020. Kazini na madukani zilipima idadi ya waliofika, nyumbani zilipima muda. Anayekaa nyumbani saa 16 kwa siku, akijifungia saa zote 24, ameongeza 50% tu. Wasio na simu janja hawamo kabisa.

Mchangiaji 1: Sawa, lakini nani atasimamia idadi ya wanaoingia?

Mchangiaji 2: Mhesabuji mlangoni: akitoka mmoja, aingie mmoja. Katika makadirio ya utafiti ule wa Nature kwa jiji la Chicago, kikomo cha 20% ya ujazo wa juu kilipunguza maambukizi mapya kwa zaidi ya 80%, na safari za kwenda humo zilizokosekana ni 42%. Foleni ya nje ndiyo itakayosumbua. Ipangiwe nafasi na kivuli mapema, la sivyo msongamano utakuwa umehamia mlangoni.