Je, msongo wa mawazo wa mitihani huleta maumivu ya kichwa?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Malimbe

Habari zenu wakuu. Tangu tuanze majaribio ya katikati ya muhula, kichwa kinaniuma karibu kila siku kuanzia alasiri, pande zote mbili, kana kwamba nimefungwa kilemba kinachobana, na maumivu hushuka hadi shingoni. Sina homa, sitapiki, na nikitembea hadi kituo cha daladala hayaongezeki. Ninayeishi naye chumbani anasisitiza kuwa ni malaria na kwamba nikanunue dawa mseto dukani. Mimi nashuku mawazo, kwa sababu bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limechelewa na mwenye nyumba anadai kodi. Kinachonichanganya ni kwamba muhula uliopita kichwa kiliniuma vibaya zaidi siku iliyofuata mtihani wa mwisho, nikiwa nimeshapumzika. Safari hiyo kiligonga upande mmoja na mwanga ukanikera.

Tabibu, Buhongwa

Hujidanganyi, mdogo wangu. Maumivu ya kubana pande zote mbili, yasiyozidishwa na kutembea, ndiyo aina inayowapata watu wengi kuliko nyingine zote, na huweza kudumu kuanzia nusu saa hadi siku 7. Mwenye msongo hukaza misuli ya shingo, mabega na taya bila kujitambua, hasa anapoinamia desa, yaani notisi za masomo, kwa saa nyingi. Hata hivyo si suala la misuli peke yake, kwa kuwa msongo unaoendelea huufanya mfumo wa fahamu uwe mwepesi kuhisi maumivu ambayo siku nyingine usingeyajali. Kukesha na kuruka mlo kwa kukosa fedha huchochea zaidi.

Yale ya baada ya mtihani yanaelekea kuwa kipandauso, ambacho hudumu saa 4 hadi 72. Wapo wanaoshikwa nacho si wakati wa shinikizo bali linapolegea ghafla, na mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili.

Kuhusu malaria, mwenzako hana kosa kuiwaza katika ukanda huu wa ziwa. Kosa ni kumeza dawa bila kupima, wakati kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole tu na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Mfamasia, Kirumba

Ninakubaliana na tabibu, ila kuna jambo ninaloliona dirishani kila msimu wa mitihani. Mwanafunzi hununua vidonge vya maumivu viwili viwili, leo, kesho na keshokutwa, akiamini kuwa dawa isiyohitaji cheti haina madhara. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwamo vyenye kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Huamka kichwa kinauma, humeza, kinatulia, na kesho yake huanza upya. Aidha, kwa parasetamo ya miligramu 500, mtu mzima asivuke vidonge 8 kwa saa 24.

Mhitimu, Igoma

Kumwambia mtu anayedaiwa kodi aache mawazo ni maneno matupu. Kaongee na mwenye nyumba kabla hajakufuata, kisha umwone mshauri wa wanafunzi chuoni. Kuna mambo yanayotatuliwa kwa barua moja. Andika pia kila siku umelala saa ngapi, umekula nini na umemeza nini, maana daktari atayauliza hayo kabla ya jingine lolote.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Malimbe

Nashukuruni sana. Nimepima na malaria haipo. Je, kahawa ninayokunywa usiku ili nisome niiache mara moja?

Tabibu, Buhongwa

Ipunguze kidogo kidogo, kwa sababu aliyeizoea akiikata ghafla huumwa kichwa kwa siku kadhaa, na isogeze iwe mchana ili usingizi usiharibike. Lakini maumivu yakija ghafla kwa ukali usiowahi kuupata, au yakiambatana na homa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutoona vizuri au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, usingoje mitihani iishe. Nenda hospitali siku hiyohiyo.