Pasheni za njano zinachanua lakini hazishiki, naombeni ushauri

Mkulima_Muheza
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina robo eka ya pasheni za njano hapa Muheza, mashina 110 juu ya waya, yana miezi 11. Majani yamejaa na maua ni mengi mno, lakini siku ya nne au ya tano kikonyo kinageuka njano, ua linadondoka. Asubuhi nakuta yametapakaa chini, roho inaniuma. Nimeweka mbolea ya kuku, nimepiga dawa ya thripsi, vile vidudu vidogo vinavyofyonza mmea, nimeongeza kirutubisho cha boroni kama alivyoniambia muuza pembejeo. Msimu mzima nimechuma matunda 31. Hela ya nguzo na waya nilikopa kwenye kikoba na marejesho yanaanza mwezi ujao. Jirani ana mizinga na nyuki wake wanajaa shambani kwangu, kwa hiyo sidhani kama shida ni uchavushaji. Nakosea wapi?

Babu wa Lushoto
Punguza hiyo mbolea ya kuku. Ikizidi, mmea unakimbilia majani.

NyukiMwitu
Pole sana ndugu yangu. Kabla sijasema neno nijibu matatu. Miche ilitoka wapi? Dawa unapiga saa ngapi? Na wale nyuki wakubwa weusi wanaovuma kwa nguvu, wanaotoboa mbao, unawaona?

Mkulima_Muheza
Miche ni vipandikizi kutoka kitalu kimoja. Muuzaji alijisifu kwamba vyote amevikata kwenye shina mama moja lililokuwa likizaa sana. Dawa napiga saa 10 jioni, tulifundishwa jioni ni salama kwa nyuki. Hao weusi walikuwepo kwenye mbao za banda la mbuzi, mwaka jana niliwaziba mashimo kwa simenti wasiangushe paa.

NyukiMwitu
Basi tatizo tunalo hapo, na si boroni.

Pasheni ya njano haijichavushi. Chavua ya shina fulani ikitua kwenye ua la shina hilohilo, ua linaikataa. Vipandikizi vya mama mmoja ni mmea uleule uliokatwa vipande, kwa hiyo mashina yako 110 kwa ua ni shina moja. Ile ya zambarau haina shida hiyo, ndiyo maana wenye zambarau hawakuelewi ukilalamika.

Sasa kesho saa 8 mchana kaa mbele ya ua moja ulitazame. Utaona vifuko vitano vya chavua vimening'inia, na juu yake vichwa vitatu vya upande wa kike. Nyuki wa asali anapita chini, anajaza miguu chavua, anaondoka bila kugusa vile vitatu. Yule mweusi mgongo wake unafika juu, anapaka chavua huku akinywa nekta. Nyuki wa jirani wanavuna kwako, hawakuchavushii.

Dawa ya jioni ni salama kwa mazao yanayofunga maua mchana. Pasheni ya njano inafunguka karibu saa 6 au 7 mchana na kubaki wazi mpaka usiku. Saa 10 unanyunyizia maua yaliyo wazi na wadudu walio kazini. Kama ni lazima, piga alfajiri.

Dada_Kilifi
Mimi niko Kilifi na nilipitia hayohayo. Usisubiri nyuki warudi, chavusha kwa mkono wakati marejesho yanakubana. Omba maua kwa mwenye pasheni za njano zenye asili tofauti na zako. Chukua chavua kwa ncha ya kidole au brashi laini, paka vichwa vyote vitatu. Ua likifunguka tu, vile vichwa husimama juu, ngoja kama saa moja viiname. Visivyoinama, ruka. Usimwagilie juu ya maua, chavua ikilowa inapasuka.

Weka pia magogo makavu pembeni mwa shamba, wale weusi wajitobolee nyumba. Waache huko, hawana haja na paa lako.

Mwl_Bustani
Naongezea kwa wanaodhani nyuki wa mwituni ni mapambo. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba madogo ya Kakamega, Kenya, na kuchapishwa 2009 ulionyesha karibu 40% ya thamani ya mazao waliyoyapima ilitokana na nyuki, na karibu kazi yote hiyo ilifanywa na nyuki wasiofugwa. Kwenye bilinganya za Nguruman, Kajiado, nako watafiti walikuta hivyohivyo: ua la bilinganya hutolea chavua kwenye tundu ndogo, na haimwagiki vizuri mpaka nyuki alikumbatie na kulitikisa kwa mvumo, na nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Mzinga ni mali, lakini hauwezi kujaza nafasi ya kila mdudu.

Mkulima_Muheza
MREJESHO. Nilifunga maua 40 kwa mifuko ya karatasi kabla hayajafunguka. Mchana 20 nikayapaka chavua ya shambani kwangu, 20 chavua niliyoomba kwa mkulima wa Pongwe, nikayafunga tena. Leo siku ya tisa: ya kwangu yamedondoka yote 20. Ya Pongwe yapo 16, kila moja na kijitunda cha kijani kama yai la kuku. Mke wangu ameomba aonyeshwe kupaka, tumefanya pamoja tangu juzi. Simenti ya bandani nimeiacha ilivyo, magogo matatu ya mwembe mkavu nimeyasimamisha kwenye kona ya shamba. Dada wa Kilifi, mashina ya kuchanganya niyapande kila baada ya mangapi?

Dada_Kilifi
Badilisha moja kwa kila matano, uanzie upande wa magogo.